Edward Sokoine na vita dhidi ya walanguzi: Uamuzi wa haki tunaupimaje?

Ukitoka Morogoro mjini kwa barabara ya Dodoma utafika Dakawa. Hapo ndipo Edward Moringe Sokoine alipofariki kwa ajali ya gari, Aprili 12, 1984. Alikuwa Waziri Mkuu, akirejea Dar es Salaam kutoka bungeni Dodoma. Julai mwaka huohuo, kitivo cha kilimo kilichokuwa hapa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, kikawa chuo kikuu kamili kwa jina lake. Ndiyo SUA tunayoijua leo.

Sokoine alizaliwa Monduli, Agosti 1, 1938. Alijiunga na TANU mwaka 1961, akawa mbunge mwaka 1965, Waziri wa Ulinzi mwaka 1972, na Waziri Mkuu mwaka 1977. Mwaka 1980 aliacha uwaziri mkuu kwa sababu za kiafya. Februari 1983 Mwalimu Nyerere alimrudisha.

Alirudi wakati mgumu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika, vita vya kumng'oa Idi Amin vilikuwa vimekula fedha nyingi, na bei ya mafuta ilikuwa imepanda. Wazee wetu wanakumbuka foleni za sukari, sabuni na khanga. Dukani hakuna kitu, lakini kwa mlango wa nyuma unapata ukilipa bei ya kulangua.

Machi 1983 Serikali ilianza msako wa walioitwa wahujumu uchumi, na Sokoine akawa mstari wa mbele. Maghala na nyumba vilipekuliwa, watu wakawekwa ndani. Sheria yenyewe ilipitishwa bungeni msako ukiwa umeshaanza. Iliunda baraza maalumu la kusikiliza kesi hizo, ambako mshtakiwa hakuruhusiwa kuwa na wakili, na hukumu haikukatiwa rufaa mahakamani.

Je, ilikuwa haki? Wanaofundisha maadili wana mizani tatu.

Ya kwanza hupima matokeo: jambo ni jema likiwafaa watu wengi. Kwa mizani hii msako una utetezi, maana bidhaa zilizofichwa zilitolewa nje. Lakini uhaba haukuisha, kwa kuwa viwanda vilikosa fedha za kigeni za kununulia malighafi. Mwaka 1984 Serikali iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na maduka yakaanza kujaa.

Ya pili hupima wajibu. Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani, alifundisha kwamba binadamu asitumiwe kama chombo tu cha kufikia lengo, hata likiwa zuri. Kwa mizani hii, kumhukumu mtu bila kumpa nafasi kamili ya kujitetea ni kosa, hata kama kweli alificha sukari. Mwaka 1984 Serikali yenyewe ilibadilisha sheria hiyo: kesi zikapelekwa Mahakama Kuu na mawakili wakaruhusiwa.

Ya tatu humpima mtendaji mwenyewe: ni mtu wa namna gani? Hapa ndipo Sokoine anapong'ara. Anakumbukwa kwa kuchapa kazi na kutojilimbikizia mali, na msiba wake uliliza nchi nzima. Hata hivyo, moyo safi wa kiongozi haumlindi aliyekamatwa kwa kusingiziwa. Kinachomlinda ni utaratibu.

Sisi tunaona kwamba mizani moja haitoshi, na ndiyo maana maisha ya Sokoine bado yanatufundisha. Tuseme kijijini kwenu mbolea imeadimika, na watu wanamnong'ona mwenye duka kwamba ameficha mifuko. Mwenyekiti avunje mlango usiku huohuo ili mbegu zisipitwe na mvua, au amwite kwanza mwenye duka ajieleze mbele ya watu? Jadilianeni nyumbani. Na atakayeamua, ajiulize kama angekubali kutendewa vivyo hivyo siku jina lake litakaponong'onwa.