Kipofu Aliyeyafundisha Magari Kushika Mwendo



Barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma hupita katikati ya Dakawa, na hapana siku ambayo hatusikii mngurumo wa malori na mabasi. Ni barabara hii ambamo Waziri Mkuu wetu, Hayati Edward Moringe Sokoine, alifariki katika ajali ya gari hapa Dakawa tarehe 12 Aprili 1984, alipokuwa akisafiri kutoka Dodoma kwenda Dar es Salaam. Kwa hiyo habari za mwendo wa magari si habari za mbali kwetu. Ndiyo maana nimependa kuwasimulia maisha ya Ralph Teetor, mtu aliyeushughulikia sana mwendo wa magari, ingawa macho yake hayakupata kuiona barabara tangu utoto.

Teetor alizaliwa tarehe 17 Agosti 1890 katika mji mdogo wa Hagerstown, jimbo la Indiana, huko Marekani. Jamaa zake walikuwa mafundi. Kiwanda chao kilitengeneza vigari vya kukagulia njia ya reli. Alipokuwa na umri wa miaka 5 alishika kisu akajaribu kufungulia droo. Kisu kiliteleza kikamchoma jicho. Haukupita muda mrefu, na jicho la pili likapoteza nuru yake. Mtoto akawa kipofu kabisa.

Wazazi wake hawakumfungia nyumbani, wala hawakumlea kama mtu asiyeweza kitu. Walimwachia zana za kiwandani, naye akajifunza kuvitambua vyuma kwa kupapasa. Alipokuwa na miaka kama 12 alitengeneza motokaa pamoja na binamu yake. Baadaye akataka kusomea uhandisi. Haikuwa rahisi kupata chuo cha kumpokea kijana asiyeona, lakini Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilimkubali, naye akahitimu uhandisi wa mitambo mwaka 1912.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alipata kazi ambayo wenye macho ilikuwa ikiwashinda. Mitambo ya mvuke ya meli za kivita ilikuwa na vyuma vikubwa vinavyozunguka kwa kasi sana, na uzito ukizidi upande mmoja hata kidogo tu, mtambo mzima hutetemeka na kuharibika. Teetor aliigundua kasoro kwa vidole vyake, akatafuta njia ya kuusawazisha uzito huo. Baada ya vita alirudi katika kampuni ya jamaa zake, iliyokuja kuitwa Perfect Circle, ikatengeneza ringi za pistoni. Mwaka 1936 wahandisi wa magari wa Marekani walimchagua kuwa rais wa chama chao, na mwaka 1946 akawa mkuu wa kampuni.

Sasa tuje kwenye jambo lililomfanya akumbukwe. Yasimuliwa kwamba wakili wake, Harry Lindsey, alikuwa akimchukua ndani ya gari. Wakili alipozungumza, gari lilipunguza mwendo. Aliponyamaza ili asikilize, gari liliongeza mwendo. Abiria mwenye macho huenda asingelitambua jambo hilo. Teetor aliusikia kila mshtuko mwilini mwake, akachoka nao. Tena ilikuwa zamani za Vita Kuu ya Pili, ambapo serikali ya Marekani iliweka kikomo cha mwendo cha maili 35 kwa saa, yaani kilometa 56 hivi, ili kuokoa mipira ya magari na petroli. Basi akaanza kubuni chombo cha kumsaidia dereva kushika mwendo mmoja.

Ili tukielewe chombo hicho, tuitazame kwanza mashine ya kusaga unga inayotumia injini ya dizeli. Mahindi yakimiminwa, mzigo huongezeka na injini hutaka kulegea, lakini haizimiki. Ndani yake mna kifaa kiitwacho gavana, chenye vyuma vizito vinavyozunguka. Injini ikienda mbio, vyuma hivyo hutanuka kwenda nje na kupunguza mafuta. Ikienda polepole, hurudi ndani na mafuta huongezeka. Kanuni hii ni ya zamani: James Watt wa Uskochi aliitumia katika injini za mvuke mwaka 1788.

Teetor aliitia kanuni hiyo katika motokaa. Vyuma vizito vilizungushwa na nguvu ya gari lenyewe, hata vikafuata mwendo wake. Dereva alichagua mwendo kwa kuzungusha kitufe, na kitufe kilikaza au kulegeza springi. Mwendo uliochaguliwa ulipofikiwa, vyuma viliishinda springi, na mvuto wa hewa wa injini ukaisukuma juu pedeli ya mafuta. Dereva aliusikia msukumo huo mguuni, akajua amefika kikomo. Baadaye iliongezwa sumaku ya umeme ya kukishikilia chombo, gari likashika mwendo bila mguu wa dereva, mpaka alipogusa breki.

Alipewa hataza ya chombo chake mwaka 1950, na mwaka 1958 kampuni ya Chrysler ikaanza kukiweka katika magari yake. Jina lililoenea ni lile la kampuni ya Cadillac, kruzi kontroli. Siku hizi kazi ya vyuma vizito hufanywa na kompyuta ndogo. Sensa hupima mzunguko wa magurudumu, kompyuta hulinganisha mwendo uliopo na ule uliotakiwa, kisha huongeza au kupunguza nguvu ya injini. Gari likipanda mlima huongezewa, likishuka hupunguziwa. Kupima, kulinganisha na kusahihisha, kisha kupima tena: hiyo ndiyo siri yote.

Lakini angalieni jambo moja. Chombo hiki hushika mwendo tu, barabara hakiioni. Yako magari mapya yenye rada ya kupima umbali wa gari lililo mbele, ila mengi hayana. Gari lililowekwa kilometa 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde, awepo mtoto njiani au asiwepo. Hata likishuka mpaka 50, kiwango cha sheria katika makazi ya watu, bado hukata mita 14 hivi. Dereva akisinzia kwa sekunde 2 tu, chombo kitaendelea na kazi yake kwa utiifu kamili, nacho hakitajua kwamba amesinzia. Kwa hiyo katika vijiji, penye mvua, ng'ombe, bodaboda na wanafunzi wanaovuka, dereva mwenye busara hukizima, akatumia mguu na macho yake mwenyewe.

Ralph Teetor alifariki tarehe 15 Februari 1982, akiwa na umri wa miaka 91. Maisha yake yananifundisha mambo mawili. Kwanza, ulemavu wa macho si ulemavu wa akili. Barabara yetu hii ikikaribia Dodoma hufika Buigiri, yenye shule ya watoto wasioona, na huenda miongoni mwao yumo mhandisi anayesubiri mtu wa kumkabidhi zana. Wazazi wenye watoto wa namna hiyo wasiwafiche. Pili, mtu huyu alifika mbali kwa sababu ya uangalifu: aliyasikiliza mambo ambayo wengine waliyapuuza. Uangalifu huo ndio tunaouhitaji sote katika barabara ya Dakawa, anayeshika usukani na anayevuka kwa miguu.