Nikolai Vavilov na Majani Yaliyodharauliwa

Mkulima wa Ukata, katika milima ya Mbinga, hayadharau majani. Katika kilimo cha ngoro huyafyeka, huyapanga kwa miraba, kisha huyafukia kwa udongo. Yakioza huwa mbolea ya maharage na mahindi, na mashimo yaliyobaki huzuia mvua isiukokote udongo mteremkoni. Mkulima huyo hatashindwa kumwelewa mtu tunayemkumbuka leo.

Mtu huyo ni Nikolai Vavilov, aliyezaliwa Moscow mwaka 1887. Mwaka 1916 alisafiri Uajemi na milima ya Pamir. Huko aliona jambo la ajabu. Katika mashamba ya chini, nafaka iitwayo rai, iliyo jamaa ya ngano, ilihesabiwa kuwa gugu tu. Lakini kadiri mashamba yalivyopanda mlimani, ngano ilishindwa na baridi na gugu likazidi. Na kule juu wakulima walilivuna likawa ndilo chakula chao.

Vavilov alifahamu kwamba hata majani ya kabila moja hayafanani. Shina moja huvumilia baridi kali, jingine huvumilia ukame, la tatu halishikwi na ugonjwa wa kutu. Tofauti hizo hurithiwa katika mbegu, nazo ndizo akiba ya wanadamu. Shamba lenye mbegu za namna moja tu, likipatwa na ugonjwa, huweza kuangamia lote pamoja.

Basi akazunguka dunia akikusanya mbegu za mashambani na za mwituni. Mwaka 1924 alikwenda Afghanistan. Mwaka 1927 alikuwa Ethiopia, akastaajabia wingi wa namna za ngano na shayiri walizozitunza wakulima wa nyanda za juu. Chuo alichokiongoza Leningrad kilikusanya sampuli zaidi ya 200,000.

Hapo ndipo msiba ulipoanza. Trofim Lysenko aliahidi mavuno ya haraka na kuikana elimu ya urithi wa viumbe. Stalin na wakubwa wenziwe walimpendelea, kwa kuwa alisema waliyotaka kuyasikia. Vavilov alikataa kuupinda ukweli. Tarehe 6 Agosti 1940 alikamatwa huko Ukraine akiwa katika kazi ya kukusanya mimea. Alihukumiwa kifo, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo. Tarehe 26 Januari 1943 alifariki gerezani Saratov, amedhoofishwa na njaa, yeye aliyetaka dunia nzima ishibe.

Wakati huo Leningrad ilikuwa imezingirwa na majeshi ya Ujerumani. Baadhi ya wafanyakazi wa chuo chake walikufa kwa njaa wakiilinda akiba ile ya mbegu, wala hawakuila. Mwaka 1955 serikali ya nchi yake ilimsafisha Vavilov na hatia aliyobambikwa.

Sisi twaona kwamba maisha haya yanawahusu viongozi na wafanyakazi vilevile. Chama kinachomsikiliza msifuji na kumfunga mdomo mjuzi hujitafutia njaa. Nasi tulio mashambani tusizitupe mbegu za wazee kwa sababu mpya zimeletwa. Benki ya mbegu ya taifa letu ipo Arusha, lakini benki ya kwanza ni dari ya mkulima, na majani ya mlimani ambayo bado hatujayajua faida yake.