Jean-Pierre Melville: alinyimwa kibali, akajijengea studio

Jean-Pierre Grumbach alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 20 Oktoba 1917. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alijiunga na wapinzani wa Wajerumani, akajiita Melville, jina la mwandishi wa Marekani aliyempenda. Vita vilipoisha aliomba kibali cha kuwa msaidizi wa mwongozaji wa filamu, akanyimwa. Basi akaanzisha kampuni yake, kisha studio kwenye barabara ya Jenner.

Mwaka 1967 moto uliteketeza studio hiyo. Hakuacha kazi. Mwaka huohuo ilitoka Le Samouraï, Alain Delon akiigiza muuaji wa kukodiwa. Katika Le Cercle rouge, ya 1970, majambazi wanaiba vito kwa zaidi ya dakika 20 bila mazungumzo. Melville aliaga dunia tarehe 2 Agosti 1973, akiwa na miaka 55.