Ed Wood: alichekwa mpaka kaburini

Haya wadau, mliokaa kwenye mabanda ya video hapa Mtoni mnazikumbuka Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi. Unaogopa kidogo, halafu shetani mwenyewe anakuvunja mbavu! Basi leo nawaletea babu wa mchezo huo, Ed Wood.

Jamaa alizaliwa 1924 Poughkeepsie, Marekani. Baada ya kutumikia jeshi kwenye Vita vya Pili vya Dunia akaenda Hollywood kutengeneza filamu, mfuko mtupu. Nyota wake Bela Lugosi, yule Dracula wa 1931, akafariki 1956, picha alizompiga ni fupi tu. Wood wala hakukata tamaa. Akamvisha joho tabibu wa mkewe na kumfunika uso mpaka mwisho wa filamu! Pesa zilitoka kwa waumini wa kanisa la Kibaptisti. Makaburi ya bandia yanatikisika, visahani vya angani vinaning'inia kwenye uzi. Ndo Plan 9 from Outer Space hiyo.

Alifariki 10 Desemba 1978, miaka 54, siku chache baada ya kutolewa nyumba kwa kodi. 1980 akapewa tuzo ya muongozaji mbovu kuliko wote, ndo watu wakazidi kumtafuta. 1994 Tim Burton akatoa filamu ya maisha yake, ikabeba Oscar mbili.

Mimi naona siri ni moja: jamaa hakuwa anatania. Alijituma kwa moyo wote, ndo maana tunamcheka na tunampenda. Ila yeye hakuyaona hayo... Je wadau, na wa kwetu tusubiri wafe?