Gary Gygax: Alimpimia mchawi nguvu, hisa zikamponyoka

Mwaka 1970 Gary Gygax, mzaliwa wa Chicago nchini Marekani, alipoteza kazi yake ya kukadiria hatari katika kampuni ya bima. Alikuwa na mke na watoto watano. Ili mkono uende kinywani, akawa fundi viatu nyumbani kwake Lake Geneva, mji mdogo wa Wisconsin, huku akiandika kanuni za michezo ya vita ya mezani.

Mwaka 1974, yeye na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, mchezo ambao kila mtu mezani hujifanya askari, kasisi au mchawi, na dadu huamua nani atapona. Nakala 1,000 za kwanza ziliuzwa kwa dola 10 kila moja.

Kazi ngumu ilikuwa kumpima mchawi. Katika kanuni za Gygax za mwaka 1971, mchawi alirusha mipira ya moto bila kikomo. Kwa mwendo huo, mwenye upanga angebaki mtazamaji, na nani angerudi kucheza kesho? Gygax akaazima wazo la mtunzi wa hadithi Jack Vance: uchawi hukaririwa kabla ya safari, na ukishatumika hufutika kichwani. Mchawi anayeanza alipata mmoja tu kwa siku. Hakuvaa deraya, na silaha yake ilikuwa kisu. Alifanana na mchuuzi aliyevuka mpaka na furushi moja: akiliuza asubuhi, hana kitu mpaka akachukue mzigo mwingine. Ila aliyevumilia akakua aliwapita wenzake wote, na hapo mizani ya Gygax ililemea upande mmoja.

Kwenye biashara ililemea zaidi. Oktoba 1973 yeye na rafiki yake wa utotoni, Don Kaye, walianzisha kampuni ya TSR kwa dola 1,000 kila mmoja, kisha Brian Blume akaongeza 2,000. Kaye alifariki mwaka 1975, na hisa nyingi zikaangukia kwa Blume na baba yake. Kwa mtu aliyewahi kulipwa kukadiria hatari, hapo alijisahau. Mwaka 1979 Arneson alimshtaki akidai malipo yake. Walipatana mwaka 1981. Mwaka 1985 akina Blume wakamuuzia Lorraine Williams hisa zao, Gygax akaondolewa uongozini. Alikwenda mahakamani, akashindwa.

Alifariki Lake Geneva tarehe 4 Machi 2008, akiwa na miaka 69. Toleo la mchezo la mwaka 2014 bado linamhesabia mchawi uchawi wake wa siku, ingawa ule mdogo mdogo sasa anautumia apendavyo.