Bibi Lin Huiyin na Hekalu la Foguang

Katika toleo hili nataka kuwasimulia maisha ya bibi mmoja wa China, Lin Huiyin, na hekalu la kale la Kibudha alilolitambua kwa macho yake.

Bibi huyu alizaliwa mwaka 1904 katika mji wa Hangzhou. Mwaka 1920 baba yake alimchukua Uingereza, na huko ndiko alikoanza kupenda elimu ya usanifu wa majengo. Mwaka 1924 alikwenda Marekani, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, pamoja na kijana Liang Sicheng. Idara ya usanifu ilikuwa haipokei wanawake. Basi akaandikwa katika masomo ya sanaa, lakini ya usanifu akayasoma vile vile. Mwaka 1928 wakaoana, wakarudi kwao.

Siku zile wataalamu wa Japani walisema kwamba majengo ya mbao ya zama za wafalme wa Tang, yaani 618 hadi 907, hayapo tena nchini China, na kwamba atakaye kuyaona sharti aende Nara, Japani. Neno hilo liliwauma sana. Wakawa wakizunguka mashambani kuyapima mahekalu ya kale. Bibi Lin alikuwa na ugonjwa wa kifua kikuu, lakini hakukubali kubaki nyumbani.

Katika picha za michoro ya mapango ya Dunhuang mumewe aliona hekalu liitwalo Foguang, katika milima ya Wutai, jimbo la Shanxi. Mwezi wa Juni 1937 wakalifuata, wamepanda nyumbu wa mizigo, pamoja na wenzao wawili.

Hekalu hilo lilianzishwa katika karne ya 5. Mwaka 845 Mfalme Wuzong aliamuru mahekalu ya Kibudha yabomolewe, nalo likabomolewa. Baadaye likajengwa upya. Lakini lini? Waliona kwamba useremala wake ni wa zama za Tang, ila mwaka hawakuuona. Wakapanda darini, gizani, juu ya vumbi jingi, kati ya popo na kunguni, wakipima kila mti.

Siku ya tatu Bibi Lin, ambaye macho yake yalikuwa hodari kwa kuona mbali, alisimama chini akaona dalili za wino chini ya boriti moja. Wenziwe hawakuona kitu. Wakatengeneza jukwaa, wakaosha boriti kwa maji, na maandishi yakatokea. Lilikuwamo jina la mwanamke, Ning Gongyu, aliyetoa mali yake ukumbi ujengwe. Bibi Lin akakumbuka kwamba ameona jina kama hilo nje, katika nguzo ya jiwe. Wakaenda kutazama. Jina lilikuwa lile lile, na mwaka wake ulikuwapo: 857. Hata sanamu ya mwanamke aliyeketi pembeni mwa ukumbi, aliyedhaniwa kuwa malkia, ikajulikana kuwa ni Ning Gongyu mwenyewe. Alikuwa amekaa pale miaka 1,080 akingoja kutambuliwa.

Furaha yao haikudumu. Tarehe 7 Julai 1937 vita vya Japani na China vilizuka karibu na Beijing. Familia ikakimbilia kusini, na katika kijiji cha Lizhuang Bibi Lin aliugua sana, lakini aliendelea kumsaidia mumewe kuandika historia ya majengo ya China. Mwaka 1941 ndugu yake, rubani, aliuawa vitani. Baada ya vita alifundisha Beijing, akashiriki kuchora nembo ya taifa. Alifariki tarehe 1 Aprili 1955.

Mwaka 1953 lilitambuliwa jengo la kale zaidi, la mwaka 782, katika jimbo hilo hilo. Lakini Foguang ndilo lililofungua njia. Na mwaka 2024 chuo kile cha Marekani kilimpa Bibi Lin shahada ya usanifu aliyonyimwa.

Wenzangu, tukiambiwa kwamba jambo fulani halipo, tusikubali upesi. Twende tukatazame wenyewe, nasi tutazame vizuri.