Mary Leakey: Aliyeokoa michoro ya Kondoa

Jina la marehemu Mary Leakey linapotajwa, wengi hukumbuka fuvu la Zinjanthropus alilolivumbua Olduvai mwaka wa 1959. Wachache wanafahamu kwamba mtaalamu huyu, aliyeishi kwa miaka mingi Lang'ata, Nairobi, alikuwa na kazi nyingine iliyomkaa moyoni: michoro ya kale kwenye miamba ya Kondoa, Tanzania.

Alizaliwa London Februari 6, 1913, bintiye mchoraji Erskine Nicol. Utotoni alitembezwa katika mapango ya Ufaransa yenye michoro ya kale. Shule haikumkalia vyema; alifukuzwa mara mbili. Kipawa cha kuchora ndicho kilichomfungulia milango, kwani Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete, alimwomba achore picha za kitabu chake. Wakaoana mwaka wa 1936.

Kondoa aliiona kwa mara ya kwanza mwaka wa 1935. Haiwezi kusemwa kwamba aliigundua, maana wenyeji waliijua miamba hiyo tangu jadi, na hadi leo wapo wanaofanyia matambiko ya mvua huko Kolo. Alichotambua Mary ni kwamba michoro ilikuwa ikififia. Jua, mvua na mikono ya watu viliimaliza kidogo kidogo.

Basi mwaka wa 1951 alirejea, akapiga kambi kwa takriban miezi mitatu. Alitandaza karatasi ang'avu juu ya mwamba, akafuatisha kila mstari, kisha akachora upya kwa vipimo vidogo na kutia rangi. Ilihitaji subira ya ajabu, kwa kuwa mchoro mmoja mara nyingi ulilala juu ya mwingine wa zamani zaidi. Alinakili takriban maumbo 1,600: twiga, tembo, pofu na watu wembamba warefu, baadhi wakipuliza filimbi. Baadaye alikiri kuwa siku hizo zilikuwa miongoni mwa zile zilizompa furaha kubwa maishani.

Hata hivyo, mifupa ya Olduvai ilimteka, na nakala hizo zikasubiri miaka 32. Kitabu chake kuhusu michoro hiyo kilitoka mwaka wa 1983, mwaka ambao pia aliihama Olduvai na kurudi kuishi Nairobi.

Alifariki jijini humo Desemba 9, 1996, akiwa na umri wa miaka 83. Mwaka wa 2006, UNESCO iliitangaza miamba ya Kondoa kuwa Urithi wa Dunia.